Gari kuukuu huibwa kwa thamani yake, hurudi kwa nambari na karatasi

Mwaka 1970 mwanamume mmoja wa mji wa Philadelphia, Marekani, aliamka asubuhi akakuta gari lake aina ya Austin-Healey, lililoundwa mwaka 1967, limetoweka pale alipokuwa ameliegesha. Alipiga ripoti kwa polisi, akasubiri, na miaka ikapita bila habari yoyote.

Gari hilo lilipatikana mwaka 2012, miaka 42 baadaye. Aliyeliona ni mwenyewe, alipokuwa akiperuzi mtandao wa mnada wa eBay, na akakuta linauzwa na muuza magari wa jimbo la California, upande wa pili wa nchi.

Alikuwa amehifadhi vitu viwili muda huo wote: hati ya umiliki na funguo za awali. Polisi walipopekua kumbukumbu zao, ilibainika kwamba nambari ya gari ilikuwa imeingizwa kimakosa katika kompyuta. Kosa hilo dogo ndilo lililofanya gari la wizi lionekane safi kwa miongo minne. Nambari iliposahihishwa, gari lilichukuliwa na likarudi kwa mwenyewe.

Kisa hiki kinaweza kuonekana kuwa cha matajiri wa ng'ambo. Hata hivyo, kina funzo kubwa kwa mkulima wa Kinangop anayebebea viazi vyake kwa Land Rover ya babake, na kwa mfanyabiashara wa Kitale anayetaka kununua pikapu ya mtumba kwa bei nafuu.

Funzo lenyewe ni kwamba gari likishaibwa, mara nyingi kinachomrudishia mwenyewe ni nambari iliyochongwa kwenye chuma na karatasi iliyotunzwa kabatini. Na pale gari linaporudi, anayeumia zaidi ni mnunuzi wa mwisho, kwa vile mwizi huwa ametia fedha kibindoni kitambo.

Kwa nini mkweche uibwe?

Wengi hudhani mwizi hutafuta gari jipya pekee. Soko la miaka ya karibuni linasema vingine, na mfano mzuri ni Land Rover.

Gari hilo lilizinduliwa mwaka 1948, na utengenezaji wa muundo wake wa asili, ambao baadaye uliitwa Defender, ulikoma Januari 29, 2016 katika kiwanda cha Solihull, Uingereza. Kufikia siku hiyo, takriban magari milioni mbili yalikuwa yametengenezwa.

Kiwanda kikifunga, hesabu hubadilika. Idadi ya magari haiwezi kuongezeka tena, ilhali wanaoyataka wanazidi. Bei hupanda, na kila kinachopanda bei humvutia mwizi.

Nchini Uingereza, waliopata pigo la kwanza ni wakulima. Defender ni gari la shamba, huachwa uani usiku kucha karibu na trekta, tena mashambani ambako jirani yuko mbali. NFU Mutual, kampuni kubwa ya bima ya wakulima wa huko, imekuwa ikitaja wizi wa Land Rover miongoni mwa kero kuu za uhalifu wa mashambani, sambamba na wizi wa matrekta na vifaa vya setilaiti vinavyoyaongoza.

Kuna sababu tatu zinazolifanya gari la aina hii kuwa windo rahisi.

Kwanza, halina vifaa vya kielektroniki vya kuzuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Kufuli ya miaka ya 1970 haimsumbui fundi aliyeamua kuiba.

Pili, limeungwa kwa skrubu na boliti. Milango, boneti, gia na viti vinaweza kung'olewa kwa saa chache, na kila kipande kina mnunuzi wake. Huko Uingereza baadhi ya wenye Defender wameamka na kukuta gari lipo, lakini milango na boneti vimekwenda.

Tatu, kuna soko la Marekani. Sheria ya nchi hiyo huruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake kuingizwa likishatimiza miaka 25. Kwa sababu hiyo, Defender iliyotimiza umri huo hutafutwa sana huko, na wapo wanaojaribiwa kubandika nambari ya gari la zamani kwenye gari jipya zaidi ili lipite.

Mwaka 2014 maafisa wa serikali ya Marekani walichukua Defender 40 kutoka kwa wananchi waliokuwa wakizimiliki, wakishuku kwamba nambari zake zilikuwa zimechezewa. Baada ya mvutano wa kisheria, mwaka 2015 serikali ilikubali kuyarejesha. Hata hivyo, wenye magari hayo walikuwa wamekaa miezi mingi bila mali yao, huku wakilazimika kutafuta mawakili. Nambari inapotiliwa shaka, hata mtu mwaminifu husumbuka.

Hali ilivyo Kenya

Hapa nchini magari yanayozidi miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa kutoka nje. Hii ina maana kwamba mtu anayetaka Land Rover, Peugeot 504 au Volkswagen ya zamani hawezi kuiagiza kutoka Uingereza au Japani. Lazima aitafute miongoni mwa zile zilizopo tayari, nyingine zikiwa zile zilizounganishwa humu humu nchini, kama Land Rover za kiwanda cha Leyland mjini Thika.

Wakati huo huo, hamu ya magari hayo inakua. Mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic Rally yalianza mwaka 2003 na huvutia madereva kutoka ng'ambo. Nchi jirani ya Tanzania, mamia ya Land Rover yalikusanyika mjini Arusha Oktoba 2024 katika tamasha la wapenzi wa gari hilo.

Kwa bahati mbaya, mwenye gari ndiye huwa wa mwisho kujua thamani yake. Mkulima huliona limelala chini ya mparachichi, kuku wanatagia ndani yake, naye huliita chuma chakavu. Akipita mtu na vijisenti kidogo, humwambia alibebe.

Yapo pia yanayobebwa bila ruhusa. Biashara ya chuma chakavu imekuwa na doa kwa muda mrefu kwa sababu chuma cha wizi huyeyuka humo na kupotea. Mnamo Januari 2022 serikali iliipiga marufuku kwa muda baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, kisha ikairuhusu tena miezi michache baadaye kwa masharti mapya. Gari likishakatwa vipande na kupimwa kwa kilo, hakuna nambari iliyobaki ya kufuatilia.

Njia anazopitia mwizi

Gari la wizi huwa na safari tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kukatwakatwa na kuuzwa kama vipuri au chuma chakavu.

Ya pili ni ya kubadilishiwa jina. Mhalifu hununua gari lililokufa kabisa, lakini lenye karatasi halali. Kisha hung'oa kibati chake cha nambari na kukipigilia kwenye gari la wizi la aina na rangi hiyo hiyo. Mbele ya mnunuzi, karatasi ni za kweli. Kisicho cha kweli ni gari lenyewe.

Magari ya kale yanafaa kwa ujanja huu kuliko mapya. Utaratibu wa nambari yenye tarakimu na herufi 17, inayotambulika kote ulimwenguni, ulienea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake, na mara nyingi nambari ilikuwa fupi na kibati kilishikiliwa na ribiti tu.

Safari ya tatu ni ya baharini. Mwezi Juni 2015, gari aina ya Lexus liliibwa jijini London likiwa na kifaa cha kufuatilia mwendo wake. Wachunguzi walilifuata kwa ishara za kifaa hicho kupitia Ufaransa na Oman hadi Mombasa, na hatimaye nchini Uganda, ambako magari mengine yaliyoibwa Uingereza yaligunduliwa.

Mwaka 2019 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) ilinasa katika bandari ya Mombasa magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza. Yalikuwa yamefichwa ndani ya makontena ambayo hati zake zilidai kuwa yamebeba bidhaa za nyumbani. Kwa hivyo, Mkenya au Mganda anayeuziwa gari la bei ya kutupa hawezi kujifariji kwamba wizi wa London haumhusu.

Ferrari iliyozunguka dunia

Safari ndefu kuliko zote labda ni ya Ferrari ya Gerhard Berger, raia wa Austria aliyekuwa dereva wa mbio za Formula One. Gari hilo aina ya F512M liliibwa Aprili 1995 mjini Imola, Italia, alipokuwa huko kwa mashindano.

Muda mfupi baadaye lilisafirishwa hadi Japani, na likakaa huko hadi mwishoni mwa 2023 lilipoletwa Uingereza. Mnunuzi wa Marekani alitaka kulinunua kupitia dalali wa Uingereza, nayo kampuni ya Ferrari ikafanya ukaguzi wa nambari kabla ya biashara kukamilika. Nambari ikasema kweli yake.

Januari 2024 kampuni hiyo iliwaarifu polisi wa London, nao wakafuatilia historia ya gari kwa siku nne tu kabla ya kulikamata lisitoke nchini. Thamani yake ilikadiriwa kuwa karibu pauni 350,000, kiasi kinachozidi Sh50 milioni. Yaliyoshindikana kwa miaka 28 yalimalizika chini ya wiki moja, kwa sababu mtu mmoja aliuliza swali kabla ya kulipa.

Gari ni la nani?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Mtu akinunua gari kwa nia njema, akalipa bei kamili na kupewa risiti, je, si lake?

Nchini Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imerithi kanuni ya Uingereza kwamba mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo. Mwizi hana haki juu ya gari, na kwa sababu hiyo hawezi kumpa mnunuzi haki hiyo, hata gari likiuzwa mara tano. Tanzania ina kanuni kama hiyo katika sheria yake ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214.

Zipo nchi zinazofuata mkondo mwingine. Ufaransa, kwa mfano, humpa mwenye mali iliyoibwa miaka mitatu ya kuidai kutoka kwa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Ukipita muda huo, mnunuzi analindwa. Tofauti hizi za sheria ni sababu mojawapo ya mali ya wizi kuvushwa mipaka na kufichwa muda mrefu.

Lakini muda pekee si kinga ya kutegemewa. Mwaka 2001 wezi waliingia katika karakana mjini Milwaukee, Marekani, na kubeba gari la Kifaransa aina ya Talbot-Lago la miaka ya 1930, lililokuwa limefunguliwa vipande vipande. Mwenyewe, mzee aliyekuwa amelinunua mwaka 1967, alifariki mwaka 2005 bila kuliona tena.

Mwaka 2015 gari hilo, likiwa limeshafufuliwa, liliuzwa kwa takriban dola milioni 7, karibu Sh900 milioni kwa kadirio la Sh130 kwa dola. Mnunuzi alipojaribu kulisajili jimboni Illinois mwaka 2016, ripoti ya zamani ya wizi ikaibuka. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin, ambayo mwaka 2020 iliamua kuwa upande wa mrithi wa mzee huyo unaweza kuendelea kulidai, licha ya miaka mingi kupita.

Ripoti iliyoandikwa mwaka 2001 iliendelea kumfaa mrithi baada ya mwenyewe kuzikwa.

Adhabu ya mpokeaji

Mnunuzi wa Kenya ana sababu nyingine ya kuwa macho. Chini ya Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, anayepatikana na hatia ya kuiba gari anaweza kufungwa miaka saba. Lakini anayepokea au kuuza mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Kwa maneno mengine, kifungo cha juu cha mpokeaji ni mara mbili ya kile cha mwizi wa gari. Mantiki yake ni kwamba pasipo mnunuzi, mwizi hana soko. Bei ya chini mno, muuzaji asiyetaka kukutana mchana na karatasi "zinazokuja kesho" ni mambo ambayo mahakama inaweza kuyaona kuwa sababu tosha ya kushuku.

Mtindo ulioenea wa kununua gari na kuliacha katika jina la mwenye awali nao ni mtego. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vingine, na humtaka mmiliki mpya asajiliwe katika muda wa siku 14. Gari ambalo halijahamishwa likiibwa, aliyelinunua huanza kwa kuthibitisha kwamba lilikuwa lake.

Hatua za kuchukua

Habari njema ni kwamba kinga nyingi hazina gharama kubwa.

Mwenye gari la zamani anapaswa kulisafisha na kuisoma nambari ya chasisi kwa macho yake. Katika Land Rover nyingi za zamani huwa imechongwa upande wa mbele wa chasisi, karibu na gurudumu la kulia, na mara nyingi hufunikwa na tope na grisi. Ailinganishe na ile iliyo kwenye cheti cha umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Kosa katika nambari lilimnyima mtu wa Philadelphia gari lake kwa miaka 42.

Pili, apige picha za gari pande zote, za injini, na hasa za alama ambazo fundi mwingine hawezi kuzijua: kiraka cha kuchomelea, tundu la zamani kwenye sakafu, kiti kilichoshonwa upya. Nambari inaweza kusagwa kwa tupa, lakini mwizi hakumbuki kila kovu.

Tatu, cheti cha umiliki kisikae ndani ya gari. Nakala yake na ufunguo wa akiba viwekwe nyumbani au kwa mtu wa kuaminika. Iwapo gari bado liko katika jina la marehemu, familia imalize urithi na kulihamisha. Ni vigumu kudai kwa haraka mali ambayo karatasi zinasema ni ya mtu aliyekwisha kuaga dunia.

Nne, gari likiibwa, ripoti ipelekwe polisi saa hiyo hiyo na nambari ya OB ichukuliwe. Mwenyewe ahakikishe kwamba nambari ya usajili, ya chasisi na ya injini zimeandikwa sawasawa.

Kwa mnunuzi, kanuni ni kukagua kwanza, kisha kulipa. Taarifa za umiliki hupatikana kwa ada ndogo kupitia mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA). Jina litakalotokea lilinganishwe na kitambulisho cha muuzaji, na nambari zilinganishwe na gari lenyewe. Alama za kusagwa, rangi mbichi mahali pamoja tu au ribiti zinazong'aa kwenye kibati kilichochakaa ni dalili za hatari.

Kuhusu bima, kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililozeeka sana, na zinazokubali hulipa thamani ya soko, ambayo inaweza kuwa chini mno ya gharama ya kupata jingine. Panapowezekana, ni afadhali thamani ikubaliwe na kuandikwa mapema, baada ya gari kukaguliwa na mthamini. Na ikumbukwe kwamba kampuni ikishalipa fidia kamili, gari likipatikana baadaye huwa ni mali ya kampuni.

Kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari nacho kinasaidia, kama ilivyoonekana katika kisa cha Lexus. Hata hivyo, kifaa huonyesha gari lilipo tu. Likishafikiwa, bado polisi watauliza: ni la nani, na ushahidi uko wapi?

Kwa mkulima, Land Rover kuukuu ndiyo inayofikisha maziwa kwa chama cha ushirika kabla hayajaharibika, na ndiyo inayotoa viazi shambani wakati wa mvua ambapo lori haliwezi kupita. Ikiibwa msimu wa mavuno, hasara haiishii kwenye bei ya gari. Mazao nayo hubaki yakioza.

Akiba haiozi, husema wahenga. Karatasi iliyotunzwa vizuri nayo ni akiba, na kwa mwenye gari la zamani inaweza kuwa ndiyo akiba ya pekee itakayobaki siku atakapoamka na kukuta uani hakuna kitu.